Msinitafute kwa Jina la Baba Yangu

Katika semina zetu za mwaka huu limezuka pendekezo linalopigiwa makofi kila linapotajwa. Tuyapige picha madaftari ya ubatizo ya Lubaga, Nsambya na Namirembe, tuyaingize katika kompyuta, kisha tuyapange kwa majina ya familia kuanzia A hadi Z, ili kila Mganda aweze kumtafuta babu wa babu yake kama Waayalandi wanavyowatafuta wa kwao katika vitabu vyao vya zamani. Mimi napinga. Picha sizipingi, kompyuta siipingi. Ninachopinga ni yale maneno matatu ambayo kila mtu huyapita bila kuyatazama: majina ya familia.

Kwa kuwa Waayalandi ndio wanaotolewa mfano, na tuanze nao, kwa sababu nina hofu kwamba wanaowasifu hawajaangalia wanachofanya.

Waayalandi hawakuvipenda vitabu vya orodha kwa hiari. Sensa zao za karne ya 19 karibu zote zimepotea. Nyingine serikali yenyewe iliziharibu, na nyingine ziliteketea mwaka 1922, wakati hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin ilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sensa kamili za zamani walizobaki nazo ni za 1901 na 1911. Anayetaka kurudi nyuma zaidi ya hapo hutumia alichobakiziwa: vitabu kama Thom's Directory, kilichoanza kutoka 1844, vilivyoorodhesha wakazi wa mji pamoja na kazi na mitaa yao, na ile orodha kubwa ya kodi inayoitwa Griffith's Valuation, iliyochapwa kati ya 1847 na 1864, yenye majina ya watu waliokalia ardhi nchi nzima.

Sasa, je, hufungua kitabu na kutafuta jina la familia, mambo yakaisha? Mwaka 1894 ofisa mmoja wa usajili, Robert Matheson, alichapisha taarifa juu ya majina ya ukoo ya Ayalandi. Murphy lilikuwa la kwanza kwa wingi, Kelly la pili. Anayetafuta Murphy katika orodha ya nchi nzima ni sawa na anayetafuta Mukasa katika kituo cha teksi. La tano lilikuwa Smith, na mara nyingi Smith wa Ayalandi si Mwingereza hata kidogo. Ni mtu wa Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, ambaye jina lake lilitafsiriwa, huku jamaa wengine wa jina hilohilo wakiandikwa McGowan. Viambishi Ó na Mac viliangushwa karne moja, vikaokotwa karne iliyofuata. Na katika Kiayalandi chenyewe binti hachukui Ó ya kaka yake. Huchukua Ní.

Kwa hiyo mtafiti wa Ayalandi mwenye akili hatangulizi jina. Hutanguliza mahali. Nchi ile imegawanywa tangu zamani katika vipande vidogo vya ardhi vyenye majina yake, zaidi ya 60,000 kisiwani kote, na Griffith's Valuation imepangwa kwa vipande hivyo. Ukishajua kipande, Murphy elfu wanapungua wanakuwa watatu. Usipokijua, umebaki na kitabu kinene tu. Hilo ndilo somo la Ayalandi, na ndilo ambalo wenzangu wameliacha bandarini wakarudi na kasha tupu.

Nina sababu nyingine ya kuwataja Waayalandi, nayo iko jirani. Baada ya vita vya Mengo vya Januari 1892, Wakatoliki wa Buganda waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, kana kwamba dini ni pasipoti. Ili kuonyesha kwamba mtu anaweza kuwa Mkatoliki bila kuwa wa Ufaransa, Roma ilileta wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza. Walifika 1895 na askofu Henry Hanlon, mwenye jina la Kiayalandi, wakapewa kilima cha Nsambya, ng'ambo ya bonde ukitoka Lubaga. Mwaka 1903 wakafuatwa na masista Wafransisko. Mmoja wao alizaliwa Wicklow, Ayalandi, mwaka 1875, akiitwa Teresa Kearney.

Mtafuteni sasa kwa jina la familia. Alipoingia utawa aliyaacha yote mawili, Teresa na Kearney, akawa Mother Kevin, kwa jina la mtakatifu wa huko kwao Wicklow, ambaye alikuwa mwanamume. Waganda wakamwita Mama Kevina. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista Waafrika lenye makao Nkokonjeru, na kaburi lake liko hukohuko. Leo Kevina ni jina la bibi, la mama muuza ndizi, la msichana wa darasa la saba, wasio na tone la damu ya Wicklow. Na Mapera je? Padri Lourdel alipofika 1879 watu walisikia wakisema mon père, wakafanya jina, na sasa kuna jengo refu katikati ya Kampala linaloitwa Mapera House. Mashine iliyofundishwa kwamba jina hurithiwa na damu itatuletea ukoo mkubwa wa Waayalandi na Wafaransa katika vijiji vya Buganda, tena kwa michoro ya rangi.

Nirudi nyumbani. Mimi ni wa Nkima, ukoo wa tumbili. Kwetu tumezaliwa sita, baba mmoja, mama mmoja, na hakuna wawili wenye jina moja la Kiganda. Si kwamba wazazi wetu walikuwa wabunifu. Ndivyo Buganda inavyofanya. Ukoo, yaani ekika, una akiba yake ya majina ya waliotangulia, na mtoto hupewa moja kutoka humo. Jina la baba ni la baba. Mtoto akizaliwa hupewa la babu mkubwa, la ndugu wa babu, la shangazi wa shangazi. Kinachopita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto ni ukoo wenyewe, na mwiko wake: mimi tumbili simli, na simwoi msichana wa Nkima hata kama baba yake na wangu hawajawahi kuonana. Naye mama yangu ni wa ukoo mwingine, ambao nao siruhusiwi kuoa kwao. Jamii iliyo makini hivi na damu haiwezi kusemwa kwamba haina kumbukumbu ya familia. Inayo, ila haikuiweka mahali ambapo karani anapapekua.

Yako hata majina yasiyotoka kwenye ukoo wowote. Wasswa na Kato ni pacha wa kiume, Babirye na Nakato ni pacha wa kike, katika koo zote. Mukasa ni jina la lubaale wa ziwa, na wanalo watu wa kila namna. Kizito na Lwanga yalikuwa majina ya vijana wa Mwanga, lakini tangu mashahidi wa Uganda watangazwe watakatifu mwaka 1964 yamekuwa majina ya ubatizo, na utawakuta akina Kizito Kakamega na akina Lwanga Kongo.

Sasa yapange haya kwa alfabeti! Majina mengi ya Kiganda huenda wawili wawili, la kiume likianza na Sse na la kike likianza na Nna. Ssemakula na Nnamakula wanaweza kuwa kaka na dada, lakini katika orodha yenu mmoja yuko kwenye S na mwingine kwenye N, na kati yao kuna maelfu ya watu wasiowahusu. Ni ule ule mtego wa Ó na Ní. Tahajia nayo iko. Mwandiko wa Luganda tunaoutumia ulikubaliwa 1947. Kabla ya hapo kila padri na kila karani aliandika alivyosikia: Kagwa badala ya Kaggwa, Sekitoleko badala ya Ssekitoleko, na kilima hiki hiki kikiandikwa Rubaga. Nusu ya vibao vya mjini bado vinakiandika hivyo.

Ongezeni vyeo. Katika nyaraka za zamani mtu mkubwa hufichwa na cheo chake. Pokino ni mtawala wa Buddu, Mukwenda wa Ssingo, Ssekiboobo wa Kyaggwe, awe nani awe nani. Mkuu wa ukoo wangu huitwa Mugema, na akifa anayemrithi naye ni Mugema. Mtafiti atakayeamini kwamba hao ni familia moja yenye jina moja atakuwa ametunga familia ambayo haikuwahi kuwepo, na atakuwa na ushahidi wa maandishi mkononi.

Wengine wamenijibu kwamba kuna vitabu vya orodha vya hapa Afrika Mashariki pia, kama Red Book iliyotolewa Nairobi na gazeti la East African Standard katika miaka ya 1910 na 1920. Vipo. Lakini vilitungwa kwa ajili ya nani? Kwa Wazungu na wenye biashara, ili barua zifike na matangazo yalipiwe. Ukimtafuta mwenye duka la bunduki wa mwaka 1922, nenda huko. Ukiwatafuta waliobeba matofali ya kanisa kuu la Lubaga, lililojengwa kati ya 1914 na 1925, hutawaona.

Hao wamo katika madaftari ya ubatizo, na hapa ndipo pendekezo la wenzangu linaniudhi zaidi, kwa kuwa madaftari yale ni mazuri kuliko wanavyoyafikiria. Sheria ya Kanisa inataka kila ubatizo uandikwe pamoja na tarehe, mahali, wazazi, wasimamizi na aliyebatiza. Baadaye kipaimara na ndoa huongezwa pembeni. Mtu mmoja, mstari mmoja, maisha mazima. Hata jina la dini husema jambo kwa anayejua kusikiliza. Yozefu ni mtu wa Lubaga au Nsambya, Yusufu ni wa Namirembe. Yowanna ni Mkatoliki, Yokaana ni Mprotestanti. Na Yusufu huyo, kwa taarifa ya wanafunzi wa Kiswahili, anafanana na wetu si kwa bahati, maana wasomaji wa kwanza wa misheni ya Kiprotestanti walianza na maandiko ya Kiswahili kabla Biblia ya Luganda haijapatikana. Msimamizi wa ubatizo ni nani, kijiji kipi, mama wa ukoo gani: humo ndimo familia ilimo. Sasa mnataka kuchukua mstari wenye habari saba, mchague ile moja isiyorithiwa, muifanye ufunguo, na zilizobaki muziite maelezo ya ziada.

Kipo kitabu cha orodha cha Kiganda, na ni cha zamani kuliko Thom's Directory. Kinaitwa okulanya. Mtu anayejitambulisha kwa wazee hasemi jina tu. Husema mimi ni fulani, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, oluggya wetu ni wa fulani, lunyiriri ni wa fulani, mutuba wetu uko mahali fulani, essiga letu ni la fulani, mkuu wetu ni Mugema wa Bbira. Tazama maneno yenyewe. Oluggya ni ua wa nyumba, lunyiriri ni mstari, mutuba ni ule mti wa nguo za magome, na essiga ni ndugu wa neno letu figa, la mafiga ya jikoni. Ua, mti, figa: ni mahali. Ukoo unajipanga kwa viwanja na makaburi ya wakuu wake, kama Griffith alivyopanga Ayalandi kwa vipande vya ardhi. Bbira yenyewe si mbali. Ukitoka Lubaga ukapita Busega kwenye barabara ya Mityana umekaribia. Apolo Kaggwa alipoandika kitabu cha koo za Waganda mwanzoni mwa karne ya 20 alikipanga kwa koo, na hakuna aliyemlaumu kwa kukosa safu ya jina la familia.

Najua jibu litakalokuja: hata ukoo unaweza kudanganya. Ni kweli. Watu wengi waliokuja Buganda kutafuta kazi katika mashamba ya pamba na kahawa, hasa kutoka Rwanda na Burundi, walichukua majina ya Kiganda na wakapokelewa katika koo. Wajukuu wao leo hulanya bila kukwama. Lakini angalieni jambo hilo linasema nini. Aliyepokelewa alipokelewa na watu waliojulikana, katika kijiji kilichojulikana, na wazee wa pale wanajua hadi leo nani aliingia lini, ingawa adabu huwazuia kulisema mbele ya watu. Ukifuata mahali na ukoo utafika kwenye mlango ule na utaweza kuuliza. Ukifuata jina hutajua hata kwamba kulikuwa na mlango.

Msidhani haya ni malumbano ya semina. Miaka miwili iliyopita nilikwenda katika ofisi moja ya umma, ambayo sina haja ya kuitaja, kuomba hati. Karani alitazama fomu yangu, akatazama ya baba, akauliza mbona majina hayafanani. Nikamweleza. Yeye mwenyewe ni Mganda, nilijua kwa jina lake, na bila shaka hafanani jina na baba yake. Akanijibu kwamba mfumo hautakubali. Baba alikuwa ameketi hapo hapo, kofia magotini. Ikabidi aende kwa wakili akaape kwa maandishi, kwa ada, kwamba mwanawe ni mwanawe.

Hilo ni usumbufu tu. Kuna yanayouma. Katika shauri la kibanja cha babu yetu huko Busiro, upande wa pili ulisimamisha hoja moja tu dhidi ya shangazi yangu: kwamba jina lake halipo popote kwenye hati za babu, wala jina la babu halipo kwenye zake, basi ni mtoto wa wapi? Wazee wa lunyiriri walikuja, wakasimama chini ya mwembe, wakalanya mmoja baada ya mwingine, na katika kila ulanyaji shangazi alikuwa pale pale. Kadi yake ya ubatizo ikasema hivyo hivyo, kwa jina la baba na mama na kijiji. Kibanja kilibaki kwake. Je, kama daftari lile lingekuwa tayari limepangwa kwa majina ya familia, na mtu akalitafuta jina la babu, akatoka na karatasi inayosema hakuna matokeo? Karatasi ya kompyuta ina sauti kubwa barazani kuliko wazee watano.

Ndiyo maana wazazi vijana wameanza kukata tamaa. Wanawapa watoto wote jina la baba ili kuepuka maswali ya makarani. Siku hizi darasani unakuta msichana anaitwa Ssemakula, jina la kiume kabisa, kwa sababu fomu ilitaka. Siwalaumu. Nalaumu fomu. Na nawalaumu wasomi wanaoona fomu inakosea kisha wanapanga hifadhi nzima kwa mfano wake.

Hapa sisi wa Kiswahili tuna lawama yetu wenyewe. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu Katiba ilipofanyiwa marekebisho 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Fomu zitatafsiriwa, na tutakaozitafsiri ni sisi. Tayari vitabu vyetu vya mazoezi vina pengo linalosema "jina la ukoo", tukimaanisha jina analochangia mtu na baba yake. Mtoto wa Lubaga akilisoma pengo hilo atafanya nini? Kwake jina la ukoo lipo, ni erinnya ly'ekika, na ndilo hilo asilochangia na baba yake! Ataandika jina lake mwenyewe, kwa usahihi kabisa, na mwalimu atamkosoa. Kiswahili hakikukosa neno. Tuna ubini, la mtu anayetajwa kwa baba yake, lenye ukoo na bin na binti za pwani. Tukitaka jina la baba tuseme ubini, au tuulize waziwazi: jina la baba. Neno ukoo tuliachie kazi yake. Sioni kwa nini idara yenye wahadhiri wa leksikografia isiweze kulitengeneza jambo hilo kwa barua moja kwenda kwa wanaotunga vitabu.

Kuhusu madaftari, pigeni picha. Anzeni hata kesho, kwa ruhusa ya maparokia, kabla mchwa hawajatutangulia. Ila ufunguo wa kwanza uwe kijiji, wa pili ukoo pale ulipoandikwa, wa tatu wazazi na wasimamizi, na jina la mtu lifuate, likiwa na tahajia zake zote, Sse na Nna zikifungwa pamoja. Itachukua muda mrefu zaidi, na itahitaji watu wanaojua Luganda, si wapiga chapa tu.

Mimi mwenyewe muhula huu nakusanya data za tasnifu yangu Nateete na Lungujja, mtaa ambao sikio lolote la Kiswahili husikia Unguja ndani yake. Katika hojaji yangu pengo la jina la familia halipo. Kuna jina, kijiji, ukoo wa baba, ukoo wa mama, kisha nimeacha mistari kumi mitupu ya kulanya. Msimamizi wangu aliniuliza kama mistari kumi si mingi mno. Mzee wa kwanza niliyemhoji aliijaza yote, akaomba karatasi nyingine.